Gari Iliyosoma Meseji Zangu Mbele ya Akina Mama

Heri hii aibu niisimulie mwenyewe, kwa sababu wale akina mama watatu niliokuwa nao garini wameshaieneza Kitale nzima, kila mmoja na chumvi yake, mpaka juzi nimesikia ati nilizimia kwenye usukani. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali.

Mimi ni mjane, nina duka la mbegu na mbolea, na kanisani ndimi mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, yaani mimi ndiye husimama mbele ya wasichana kuwaambia kijana akikupenda kweli aje kwenu mchana, watu wakiona. Sasa binti yangu Njeri, ambaye anafanya kazi Nairobi, aliona nimezeeka na pikapu ya duka, akaniletea gari kubwa nyeusi, viti vya ngozi vinapasha joto mtu akikaa, skrini pana kama sinia ya chapati, na ndani yake sauti ya mama fulani anayeongea Kiingereza cha puani, wala hasinzii. Ukikaribia ua anapiga kelele, ukiweka gunia la maharagwe kwa kiti analalamika ati abiria hajafunga mkanda (nimewahi kufunga maharagwe mkanda kutoka Ndalu mpaka Kitale ndio ninyamaziwe).

Siku hiyo tulikuwa tunaenda Bungoma kuona mtoto. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata mjukuu, kwa hivyo tulishona vitenge sare, tukapakia unga na ndizi na shuka za mtoto, na Mama Simiyu akakaa mbele nami, Mama Chebet na Mama Kamau nyuma. Mama Chebet akasema safari bila nyimbo ni matanga, si nifungulie nyimbo kwa simu. Basi nikaunganisha simu na gari kwa mara ya kwanza, na gari ikaanza maswali: niangalie majina ya watu wako? nisome meseji zako? Mimi nilikuwa na haraka, nikabonyeza kubali, kubali, kubali, kama mtu anapukuchua mahindi. Nyimbo zikatoka, tukaimba mpaka Kiminini.

Hapa lazima niseme jambo. Kuna baba mmoja huko Bungoma, mwalimu mstaafu anaitwa Wafula, mkewe alitangulia zamani. Alikuja dukani kuuliza mbegu ya nyanda za chini, akarudi kuuliza tena, mwishowe akawa anauliza hata kama hana shamba la kupanda. Nilikuwa nikimtembelea nikisema naenda kuona wateja. Sikuwa nafanya ubaya, lakini Njeri alimpenda baba yake sana, na kila nikifungua mdomo kumwambia, mdomo unajifunga. Kwa simu nilimwandika Fundi wa Paa, na siku hiyo nilikuwa nimemwahidi nitachomoka kidogo nipite kwake.

Tumefika Kamukuywa, katikati ya soko, nimepunguza mwendo kupisha watu wa mboga, nyimbo zikakatika ghafla. Yule mama wa gari akakohoa (wallahi ni kama alikohoa) akatangaza kwamba kuna meseji kutoka kwa Fundi wa Paa. Nikajua nimekwisha. Akaisoma Kiswahili kama mtu anayetafuna mawe: "Ma-la-i-ka wa-ngu, u-me-fi-ka wa-pi? Ni-me-chi-nja jo-goo."

Hata watu wa mboga waligeuka kutazama gari.

"Mama Njeri," Mama Simiyu akasema polepole, "hii paa yako inavuja wapi?"

Nikarukia skrini kuzima. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, na badala ya kuzima nikapiga simu. Gari yote ikajaa sauti ya Wafula, spika kumi na ngapi zote zikiwa zake, na ule ulimi wake wa Bungoma:

"Maraika wangu! Kuku imeiva, na zire chapati unapenda nimepika mimi mwenyewe!"

Mama Chebet ndiye aliyejibu, ameinama katikati ya viti: "Fundi, habari yako? Hiyo kuku inatosha watu wangapi?"

Simu ikakatika upande wa pili haraka sana. Mimi nikishindana na skrini, gurudumu likaingia kwa changarawe kando ya barabara, yule mama wa gari akapiga yowe lake, nikasimama kando ya mitumba ya watu. Wenye soko wakaja kuchungulia, na ndani wanaona wanawake watatu waliovaa sare wanalia kwa kicheko na mmoja amelalia usukani (hapo ndipo hadithi ya kuzimia ilianzia).

Kabla sijapumua, simu ya Njeri ikaingia. Ikajipokea, sijui nilishika nini tena.

"Mum! Gari imetuma kwa simu yangu ati umetoka barabarani! Uko sawa?"

"Niko sawa, mama. Ni changarawe tu."

"Uko Kamukuywa. Unaenda tena kwa ile nyumba ya Bungoma, ile ya geti ya kijani?"

Nikauliza geti gani ya kijani, kwa sauti ya mwizi.

"Mum, hii gari hunionyesha kila mahali umeegesha tangu uipate. Nimejua kitambo. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nyuma wameacha kucheka. Nikamwambia Njeri nilikuwa naogopa atadhani nimemsahau baba yake, nikasema hivyo mbele ya akina mama na wauza mitumba, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na sikuwa na akili ya kulifunga. Njeri akauliza, kwa ile sauti yake ya utotoni, "Ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri," nikasema.

Jamani, vigelegele! Mama Kamau, ambaye hata kwa harusi huwa hapigi, alipiga mpaka boda boda wakaanza kupiga honi bila kujua wanashangilia nini, na Njeri huko Nairobi naye anacheka akilia.

Mtoto tulimwona, mzuri, ana mashavu, lakini tulimshika mbio mbio maana akina mama walikuwa na njaa ya geti ya kijani. Wafula alitoka amevaa aproni, akitegemea mimi peke yangu au pengine asitegemee mtu yeyote baada ya ile simu, akakuta kikundi kizima na sare. Akafuta mikono, akatuangalia mmoja mmoja.

"Niriombea siku ya kumreta huyu hadharani," akasema, "rakini sikujua itakuja na kwaya. Karibuni ndani."

Kuku haikutosha. Chapati alizipika zingine, Mama Chebet akisukuma, na kabla hatujaondoka akina mama walikuwa wamekubaliana naye tarehe ya kuja kwetu na wazee wake kuniposa, bila kuniuliza.

Tangu hapo simu yangu haiunganishwi na gari yoyote, naimba kwa mdomo wangu. Na nikipata siri nyingine maishani, naapa, hiyo nitaipeleka kwa miguu.