Taya Langu na Meno ya Kengele

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka 1976, mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa ulikatika. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika. Niliandika saa ya kuwasha mtambo na kila gunia lililoingia.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa mtu wa afya, umri miaka arobaini na sita, sijawahi kulazwa. Shule niliishia darasa la nne. Ufundi nilijifunza kwa kufungua injini zilizokufa na kusoma vitabu vya maelekezo vilivyokuja nazo, kamusi ikiwa pembeni. Nilikula sana na nilitafuna hata mifupa. Iliyonishinda nilimtupia Kengele, mbwa wangu jike, aliyenifuata kazini kila siku na kulala mlangoni pa mashine.

Mkanda ule niliushona mimi. Vibano vya chuma vya kuungia mkanda havikupatikana Mbeya wala Iringa, nikaamua kutumia ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe. Matundu niliyapima kwa rula. Sikuwaza kwamba ni masika. Ngozi mbichi ikinyonya unyevu hulegea, na jambo hilo kila mchungaji wa bonde letu la Usangu analijua. Mimi sikumwuliza hata mmoja.

Ncha ya mkanda ilinipiga kuanzia chini ya sikio la kushoto hadi kidevuni. Maumivu hayakuja mara moja. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu inapovunjwa, kisha mdomo ukajaa damu ya moto, nikatema meno matatu. Kengele alikuwa ameshainuka kunijia. Mkanda ulipozunguka mara ya pili ulimpata usoni.

Nilipakiwa kwenye lori la mchele hadi hospitali mjini Mbeya. Daktari wa meno aliniambia taya limevunjika mahali pawili. Akayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya.

"Wiki sita utakunywa, hutatafuna," alisema. "Wewe ni fundi, koleo unayo. Ukitapika, kata waya papo hapo. Usinisubiri mimi."

Nilikaa Ilomba kwa dada yangu siku ishirini na moja, karibu na hospitali. Uji ulipita kwenye mpira mwembamba, kupitia pengo la meno yaliyotoka. Mate yalinichuruzika mchana kutwa, nikavaa kitambaa kifuani kama mtoto. Wiki ya pili kidevu kilivimba na usaha ukatoka chini ya ulimi. Harufu ya kinywa changu ilinikera mimi mwenyewe. Daktari alipasua jipu, nikachomwa sindano siku saba. Nilipopanda mizani nilikuwa nimepungua kilo tisa.

Nilirudi Rujewa bado nimefungwa waya. Kengele alikuja kunipokea akitembea. Siku zote alikuwa akikimbia.

Mke wangu, Mama Neema, aliniambia hajamnyima chakula. Alimtupia mifupa na ukoko wa ugali kama kawaida, naye aliviokota, akavilamba, akaviacha. Nilimfungua mdomo. Meno ya mbele yote yalikuwa yamekwenda. Niliyahesabu yaliyobaki: kumi na moja, na manne kati ya hayo yalicheza nilipoyagusa. Nilimbeba hadi kwenye mizani ya magunia. Alikuwa na kilo kumi na mbili. Mwaka uliotangulia nilimpima kwa mchezo tu, akawa na kumi na nane.

Hapo hasira ilinipanda, na wa kumkasirikia hakuwepo ila mimi. Mtu anayenywa uji kwa mpira alikuwa anamtazama mbwa anayekufa njaa mbele ya mfupa, na mshono uliotuumiza wote wawili ulikuwa mmoja.

Niliamua kulifuata jambo hili kwa utaratibu. Kwanza nilichukua pumba za mpunga mashineni. Kwenye kiganja ni laini kama unga. Nilizichanganya na maziwa, nikafinyanga madonge, nikamtupia. Alikula mawili. Siku ya tatu ufizi ulikuwa unatoka damu. Nilipoutazama kwa lenzi yangu ya kusomea niliona vipande vya maganda vimechoma nyama kama miiba. Miaka kumi na moja nimekoboa mpunga, na sikujua pumba ni kitu gani. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibanio, nikamsafisha kwa maji ya chumvi, yale yale niliyoagizwa kusukutulia.

Kisha nilimpikia uji wa chenga za mchele, nikaupoza, nikamwekea kwenye sufuria ya zamani. Hakuusogelea. Alilaza masikio, mkia ukaingia katikati ya miguu, akarudi nyuma hadi ukutani. Nilisukuma sufuria, akalia. Siku nne mfululizo ilikuwa hivyo. Nilimwandikia mke wangu kwenye kibao, maana kusema na waya mdomoni kulinichosha: MBWA HUYU NI MJINGA. Alikuwa anamalizia darasa la watu wazima, akasoma polepole kwa kidole, akafika mwisho.

"Siyo mjinga, Baba Neema. Anaikumbuka fimbo yako."

Ilikuwa kweli. Kwetu mbwa hatii mdomo kwenye chombo cha watu. Alipokuwa mdogo nilimchapa kila aliposogelea sufuria, mpaka akakoma, nikajisifu kwa majirani. Chakula alichokijua ni kile kilichotoka hewani.

Kwa hiyo nilihitaji kitu laini kuliko ufizi wenye kidonda, lakini kinachoweza kurushwa bila kusambaratika. Uji niliomwaga chini aliulamba pamoja na mchanga, akatapika. Viazi vya kupondwa vilimganda juu kwenye kaakaa, akawa anajikwaruza kwa makucha. Ndizi mbivu alinusa, akaniangalia, akaondoka. Kila jioni nilimpima. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja.

Jirani yetu Masanja, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ndiye aliyenipa maziwa. Alikuja kila siku kutazama, akiegemea fimbo. Alicheka nilipomwonyesha daftari nililoandikia uzito wa Kengele.

"Fundi, mbwa hana bei. Wangu amezaa sita. Chukua wawili bure, huyu nikusaidie kumpumzisha."

Nilitikisa kichwa.

"Basi oa huyo mbwa," alisema, "maana mke wako hujawahi kumpikia." Mama Neema alicheka kuliko yeye.

Wiki sita zilitimia. Mbeya daktari alikata waya, akaniambia nijaribu kufungua mdomo. Ulifunguka upana wa kidole kimoja. Nililia, siyo kwa maumivu. Nilidhani ningetoka pale nikila.

Niliposhuka Rujewa nilipitia kwa Bi Zaituni, mjane wa mfanyabiashara, ambaye watu wake walitoka pwani wakakaa Iringa kabla ya kufika kwetu. Alipika vitumbua vya mchele barazani kwake. Nilinunua kimoja kiwe chakula changu cha kwanza. Nilikimega, nikaingiza kipande, taya likanichoma hadi sikioni. Kwa hasira nikakitupa kilichobaki barabarani. Kengele, aliyekuwa amenifuata stendi kwa mwendo wake wa kuburuta, aliinua kichwa, akakidaka hewani, akakimeza.

Nilinunua kingine. Nikarusha. Akadaka. Kilikuwa laini, kilishikamana, hakikuganda. Cha tatu Bi Zaituni alinishika mkono.

"Fundi, mimi naamka kabla ya swala kusaga mchele, wewe unavirusha kwa mbwa mbele ya wateja?"

Nilijaribu kumweleza. Maneno yalitoka kama ya mlevi, mate yakanidondoka, nikafungua daftari nikamwonyesha safu ya kilo. Aliisoma yote. Alimtazama Kengele mbavu zake, kisha akanitazama kidevu changu chenye kovu.

"Kiumbe wa Mungu sigombani naye," alisema. "Mlangoni kwangu hafiki, na kwenye chombo changu hagusi. Vilivyoungua nitakuwekea, senti kumi kimoja. Utavirushia nyumbani kwako."

Nilichukua vinne kila siku. Nilikata sehemu iliyoungua, nikavichovya kwenye mchuzi wa nyama, nikarusha. Viwili vya kwanza mara nyingi tuligawana, maana na mimi nilikuwa bado nameza kuliko kutafuna. Wiki ya tatu Kengele alifika kilo kumi na tatu. Meno manne yaliyokuwa yanacheza yalidondoka yenyewe, ufizi ukafunga na kuwa mgumu. Mwezi wa nne tangu kitumbua cha kwanza, Mama Neema alianza kufinyanga ugali laini kwa umbo la kitumbua, akaurusha mlangoni, na Kengele akaudaka. Siku hiyo hiyo mimi nilitafuna nyama kwa upande wa kulia. Saa niliiandika.

Namshukuru daktari, namshukuru dada yangu kwa uji wa siku ishirini na moja, namshukuru mke wangu kwa sentensi moja. Wewe uliyefungwa taya, usukutue kwa chumvi hata kama inachoma, uweke koleo karibu na kitanda, na usione aibu ya mate. Na kama unamtunza mgonjwa anayekataa chakula, hata awe mbwa, chunguza kwanza wewe mwenyewe ulimfundisha nini alipokuwa mzima. Mimi swali hilo lilinifikia nimeshachelewa sana. Na mkanda ushone kwa vibano, au usiushone.

Masanja bado ananikumbusha kwamba angenipa mbwa wawili bure. Ni kweli. Hesabu yangu ni hii: siku mia moja na kumi na tisa, vitumbua mia nne sabini na sita, kwa mbwa mmoja asiye na bei, shilingi arobaini na saba na senti sitini.