Wimbo wa Machinjioni

Majirani wanasema mume wangu kaacha nyama kwa sababu ya presha. Waache waseme, mimi ndiye ninayempikia.

Miaka ishirini na sita alichinja ng'ombe. Ng'ombe akigoma mlangoni, wachinjaji wengine walimcharaza fimbo. Yeye alimwimbia wimbo ule ule aliowabembelezea wanetu, na mnyama akalegea, akamfuata ndani. Alijivunia sana hilo.

Siku alipopakatishwa mjukuu wetu wa kwanza, akamwimbia. Mtoto akafumba macho, shingo ikalegea mkononi mwake. Mume wangu akaukatiza wimbo, akanirudishia mtoto.

"Mama watoto," akasema, "ng'ombe wote wale waliniamini hivi hivi."

Nyama hajaigusa tena. Mjukuu sasa ana miaka mitano. Akisema, "Babu, niimbie," babu hutoka nje. Hajui wimbo mwingine.