Wageni wa Wodi ya Figo

Dada yangu hapendi mgeni aikute nyumba ovyo. Tangu tukiwa wadogo, mtu akibisha hodi tu, yeye keshalisukuma godoro bovu uvunguni, keshatufuta makamasi, na akiulizwa hali anajibu, "Hatujambo, hatuna shida." Hata siku tuliyolala na njaa alijibu hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikimkaripia, "We dada, utakuja kufa huku unasema hujambo!" Naye anacheka tu.

Ukubwani akaajiriwa mhudumu wa usafi hospitalini, wodi ya figo, ambako mashine husafisha damu ya wagonjwa. Wauguzi wakamwita Mama Kung'ara, na jina likamganda. Kisha figo zikamgoma mumewe mwenyewe, mwalimu wa hesabu mstaafu. Mara mbili kwa wiki shemeji akawa analazwa kwenye mashine zile zile anazozifuta vumbi mkewe. "Nimeoa hospitali," alikuwa akitania. Daktari alikwishatuambia wazi: bila mashine, hamalizi mwezi.

Mwaka ule redio haikuwa na wimbo mwingine. Matumizi ya afya yamepanda, yamepanda mno! Huku bungeni wanasema yaongezwe, kule wanasema hospitali zinaitafuna nchi. Ikaundwa kamati ya wabunge ipite ikatazame kipi kibaki na kipi kikatwe. Nikasikia na kwetu wanakuja.

Dada alifurahi kama anayeoza binti. Akasugua kuta, akaazima mapazia. Kisha akatupia jicho korido, akashika kiuno. Wagonjwa wamejaa, wengine wamejinyoosha kwenye mikeka wakingoja zamu, wengine wanatapika kwenye mabeseni. "Jamani, wageni watukute hivi kweli?" Akawaomba wote, hata waliokuwa vitandani, kwa heshima zote, wakangoje nyuma, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Na wakakubali! Wengine wakamsaidia hata kukunja mikeka. Mganga mkuu, mtu mzima na tai yake shingoni, akasema, "Hapo umefikiri, mama."

Shemeji naye alikuwa miongoni mwao. "Mke wangu," alisema, "hawa wanakuja kuona kama tupo. Tukijificha wataona nini?"

"Twende, bwana. Unataka waseme hapa pachafu?"

Mimi nilikuwa nimemsindikiza shemeji siku hiyo. Nikapayuka pale pale kwamba huu ni wazimu, nikaambiwa nisiwaaibishe watu.

Mwenyekiti wa kamati akapita taratibu kati ya vitanda vitupu, akagusa ukuta, akatazama kidole. "Hapa hakuna msongamano kabisa," akamwambia mwenzake. Kisha akamgeukia dada, tena kwa upole: "Mama, mna shida yoyote?"

"Hatuna shida, mheshimiwa. Karibuni sana."

Yule bwana wala hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, akajibiwa.

Haikupita muda redio ikatangaza: wodi zisizo na wagonjwa wa kutosha zifungwe, mashine zake zihamishiwe hospitali kuu, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Yetu ilitajwa ya kwanza. Mganga mkuu alipiga simu huku na huku mpaka sauti ikamkauka. Kote jibu lilikuwa moja, kwamba kamati ilijionea kwa macho yake. Lori likaja. Dada alizifuta mashine moja moja kabla hazijapakiwa.

Tulimpeleka shemeji huko hospitali kuu mara moja tu. Njia ilimvunjavunja, na foleni tuliikuta imetoka hadi nje ya geti. Tukarudi naye kajilaza kiti cha nyuma, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Utani ulikwisha. Siku hizi yumo chumbani, na pumzi zake zinasikika mpaka uani. Naogopa zinaposikika, na zikitulia kidogo naogopa zaidi.

Jana asubuhi nilikuwa uani na dada, anafua shuka la mumewe. Jirani akapita na ndoo yake, akaita bila kusimama, "Hamjambo humo ndani?"

Dada akaacha kufua. Akanyoosha mgongo, mikono inachuruzika povu.

"Hatuko wazima," akasema. "Mume wangu anakufa."

"Vizuri, tunashukuru," jirani akajibu, akaenda zake bombani.