Kidonda Nyuma ya Barakoa

Mwaka wa kumi na saba wa kulisha seli kwenye sahani za maabara, Bibi Seli alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulalamika aliona ni kazi ya ziada. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, kwa kuwa hakukosa kuja hata sikukuu, kama aliyeacha mtoto anayenyonya.

Kirusi walichokichunguza ni kile cha vidonda vya mdomoni. Ndani ya seli mna kinu: protini iliyochakaa hubandikwa alama, ikasagwa. Kirusi hakiji na kinu chake. Kwa nini kijisumbue? Huibandika alama hiyo kwenye protini walinzi, wazima kabisa, na seli ikawasaga yenyewe kwa bidii zote.

Chumba cha seli kilikuwa na sharti moja: mwenye kidonda mdomoni asiingie. Lakini uchovu huamsha kirusi kilicholala mwilini, na cha Bibi Seli kiliamka Jumatatu. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Akavaa barakoa, akaingia. Kidonda kikawasha, akakikuna chini ya barakoa kwa glovu ileile ya kushikia sahani, akaendelea na kazi.

Alhamisi, sahani ambazo hazikutiwa kirusi, zilizopaswa kuwa na walinzi wote, hazikuwa na hata mmoja.

Profesa, mkuu wa maabara, alimgeukia mzee wa kuosha vyombo. "Mzee wangu, sahani hizi uliziosha, au ulizionyesha maji tu?"

"Niliziosha, Profesa."

"Basi mkataba wako tutauzungumza mwisho wa mwezi."

Mzee akakunja kitambaa chake taratibu, pembe kwa pembe. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Bibi Seli alivua barakoa. "Ni mimi."

Profesa aliutazama ule mdomo. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na ukaingia."

"Nikaingia."

"Wiki tatu za kazi, dada."

"Najua. Nilikuwepo."

Profesa akatoka kwenda kuwapigia simu wenye kusubiri ripoti. Bibi Seli akabeba sahani zote hadi kwenye sinki, akazimwagia dawa, hata zilizoonekana salama, maana hakukuwa tena na wa kuapa kuwa ni safi. Mzee akamsogezea ndoo.

"Mwanangu, ungenyamaza tu. Lawama mimi nimezizoea."

"Ndiyo maana," alisema, akachukua sahani nyingine.