Chai ya Ijumaa

Kila Ijumaa, katika ukumbi wa kanisa pale bondeni, mbunge alimmiminia chai kila mwenye shida kabla ya kumwuliza jina. Mikono yake mipana ilishika birika taratibu, kama ashikaye kifaranga. Alhamisi moja alishindwa uchaguzi. Kesho yake Glenys, ambaye halmashauri ingemtoa Jumatatu katika nyumba yake ya kupanga, alikwenda ukumbini bila matumaini, akamkuta anapanga viti, macho mekundu.

"Si wamekuangusha, mzee?"

"Wameninyima kura, mama. Simu wameniachia."

Akaipigia halmashauri, akangoja huku akipiga mluzi. Alipoulizwa yeye ni nani, akasita kidogo.

"Jirani yake Glenys."

Walipokubali asitolewe, mzee alishika birika; Glenys akampokonya, akammiminia yeye.