Mbwa Aliyeingia Tunduni Mwenyewe

Mtoto wa mbwa hazoezwi tundu la kusafiria kwa kusukumwa. Unaacha mlango wazi, unatandika kipande cha kikwembe, kitenge chako kilichochakaa, unamwekea dagaa mle ndani, halafu unajifanya una shughuli zako. Akizoea kula humo, unafunga kidogo na kufungua kabla hajalia. Huyu wangu wa sasa ameelewa upesi. Tulipotoka Kindu kwenda Kibombo kwenye msiba wa mjomba, sikumlisha asubuhi asije akatapika garini. Nikalifunga tundu kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, mama akaketi kando yake.

Haya yote nilijifunza wakati wa vita, na aliyenifundisha ni huyohuyo marehemu. Nilikuwa msichana mdogo mwenye mbwa wangu. Mjomba, kaka yake mama, alitengeneza tundu la fito, akaniambia tutakimbia kwa njia ya msituni na mbwa akibweka atatuponza. Basi nimzoeze kukaa ndani kimya. Nikamzoeza kwa moyo wangu wote. Siku ya safari nilimwita, akaingia mwenyewe huku mkia unacheza. Mjomba akalifunga tundu kwenye baiskeli, akatangulia. Kwenye kizuizi cha wanajeshi mimi na mama tulipita bila kuulizwa kitu. Mbele kidogo tulimkuta mjomba na baiskeli tupu. Akasema mkubwa wa pale anapenda mbwa, na hakunitazama.

Niliumia vibaya. Watu walitoa vikubwa kuliko mbwa miaka ile, najua. Lakini mimi nilifanywa nimwandae kwa mikono yangu, nikidanganywa kwamba ni ili asibweke njiani. Tangu siku ile sikumsalimia mjomba. Akiingia kwetu, mimi natokea mlango wa nyuma. Kila mavuno alituletea mchele wa shamba lake, sikuugusa. Wakasema nina kichwa kigumu, na kweli ninacho.

Njiani nilisimamisha gari ili mtoto wa mbwa akojoe. Alipomaliza akarudi tunduni bila kuitwa. Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Ule mbwa wa zamani," akasema, "si mujomba yako njo alipanga. Ni mimi njo nilimutuma. Pale kizuizini walikuwa wanabakisha mabinti; mbwa njo alikulipia upite."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

"Alikatala niseme. Aliniambia: 'Acha anichukie mimi; wewe njo unaishi naye nyumba moja.'"

Basi waliketi wakaamua, ndugu wawili, nani nimpende na nani nimchukie, na mimi nikafuata. Nilifunga tundu, nikaketi kwenye usukani. Mama alinyoosha mkono anishike bega, nikauondoa. Nilimwambia aangalie tundu lisiyumbe, barabara ya mbele ni mbovu.

Tulifika Kibombo wameshamzika. Mjane wake akanishika mkono, akaniambia kwamba hata alipozidiwa, marehemu alikuwa anauliza kama nimekuja.