Binti wa Cheche

Mtaani walimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma, na jina hilo alilipenda mpaka siku binti yake alipozaliwa na mgongo mfupi, umepinda, mbavu zimeshikana.

"Ni huo moshi wako," mama mkwe alimwambia kwenye korido ya wodi, wala hakupunguza sauti. "Unamvutisha mwanangu sumu kutwa, ulitarajia nini?"

Cheche aliuza mashine yake, akaenda kulinda geti la ghala. Mkewe hakuwahi kumlaumu kwa mdomo. Alimpakulia chakula, akageukia ukuta.

Mtoto mwenyewe alikuwa na maneno! "Baba, mimi mfupi ili nisigonge kichwa mlangoni," alikuwa akisema, pumzi zikimkatikia njiani. Mapafu yalikosa nafasi ya kukua. Mwaka aliopaswa kuanza shule, homa ya mapafu ikamchukua.

Majibu ya vipimo vya damu ya mtoto na ya wazazi wake yalitoka baada ya mazishi. Daktari, mama wa makamo, aliwaketisha wote wawili.

"Mimba ikiwa changa kabisa," alisema, "kuna vinasaba ambavyo huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, kama mapigo ya moyo. Kila pigo likipita, kipande kimoja cha mgongo hujigawa, kuanzia shingoni kushuka chini. Kwa mwanenu mapigo yaliyumba. Pingili zikajigawa ovyo, na mbavu zikafuata."

"Ni moshi?" Cheche aliuliza, macho sakafuni.

"Siyo moshi, baba. Kila mmoja wenu amebeba nakala moja ya kinasaba hicho yenye hitilafu bila kujua. Mtoto akazirithi zote mbili. Haya yalitokea pengine hata mama hajajua kama ni mjamzito."

Cheche alishusha pumzi ndefu. Mkewe ndiye aliyeangua kilio.

"Bora ungekuwa moshi," alisema. "Angalau nilikuwa na mtu wa kumkasirikia."

Mama mkwe alikuja kuomba radhi. Cheche akamsogezea kiti, akamletea maji, wakakaa pamoja mpaka maji yakaisha kwenye glasi. Wiki iliyofuata alirudi kuchomelea kwa mashine ya kuazima.

Kitanda kidogo kimebaki chumbani mwao. Mkewe hubadilisha shuka zake kila Jumamosi, naye Cheche humshikia ncha ya pili.